Kupiga Picha Gari la Moshi Likiwa Kazini: Maelezo kwa Waliozaliwa Pasipo na Reli

Pemba haijapata kuwa na reli. Tuna mikarafuu, tuna vilima na mabonde, tuna boti ya Mkoani ambayo kila mwanafunzi anayajua mawimbi yake, lakini reli hatuna hata hatua moja. Kwa hivyo najua kuna mtu ataniuliza: wewe Mpemba, picha za gari la moshi zinakuhusu nini?

Sababu ni babu yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama Wapemba wengi wa rika lake, alivuka kwenda Mombasa kutafuta maisha, akafanya kazi ya ukuli bandarini Kilindini. Mpaka leo ukikaa naye barazani baada ya Alasiri, mazungumzo hayaendi mbali kabla hayajafika kwenye gari la moshi: lile dude la rangi ya damu ya mzee, likipanda kutoka Makupa kwenda Changamwe na msururu wa mabehewa, na ardhi inatetemeka mpaka unaisikia miguuni.

Miaka miwili iliyopita nilipata safari ya Nairobi, nikaenda kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Pale nje kimesimama kichwa cha treni namba 5930, Mount Shengena, kilichopewa jina la mlima wa kwetu Tanzania, kule Upare. Ni kimoja katika vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa karibu tani 252 na urefu wa karibu mita 32, na katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu zaidi duniani. Ndivyo vile vile vya babu. Nikapiga picha arubaini, nikarudi nyumbani, nikamkabidhi simu. Akavaa miwani, akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanirudishia.

"Ndilo. Lakini mbona limelala?"

Jamani, sikuwa na jibu. Picha zilikuwa safi, hazina doa. Ila babu hakulijua gari la moshi kama sanamu, alilijua likifanya kazi. Ndugu wa kichwa kile, namba 5918 Mount Gelai, alifufuliwa na amewahi kuvuta treni maalumu za wapenzi wa reli, lakini siku niliyokwenda mimi hapakuwa na safari yoyote. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza namna ya kupiga picha gari la moshi lililo macho. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyojifunza, mengine kwa kusoma, mengine kwa kuharibu picha nyingi.

Maili saba za kwetu na maili saba za wenzetu

Kabla ya kamera, historia kidogo. Pemba haikupata reli, lakini Unguja ilipata mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, iliyotoka mjini kwenda kasri lake la Chukwani. Alipofariki yeye, na reli ikafa. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, na ikaanza kazi mwaka 1905: kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kama maili saba, yaani kilomita 11. Treni ilipita katikati ya mji, karibu kabisa na milango ya watu. Magari ya barabarani yalipoenea miaka ya 1920, abiria wakaihama, na reli ikang'olewa.

Kilichobaki ni kadi za posta. Bila shaka umeziona zikiuzwa Mji Mkongwe: treni iko Darajani, watu wamesimama kando, madirisha yako juu. Nitarudi kwenye kadi hizo.

Sasa tuvuke bahari. Kule Wales, Uingereza, kuna reli ndogo inaitwa Talyllyn. Ilifunguliwa mwaka 1865 kubeba mawe ya kuezekea nyumba, na urefu wake ni maili saba na robo, takriban sawa na ile ya Bububu. Nayo ilifika pahala pa kufa. Lakini mwaka 1950 watu wa kawaida, wakiongozwa na mwandishi Tom Rolt, walikutana Birmingham wakaunda chama cha kuiokoa. Mwaka 1951 wakaanza kuiendesha wao wenyewe kwa kujitolea, na hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuhifadhiwa kwa njia hiyo. Vichwa vyake viwili vya miaka ya 1860, Talyllyn na Dolgoch, vipo mpaka leo.

Mimi nilifika huko Oktoba mwaka jana, wakati wa likizo ndefu. Shangazi yangu anaishi Birmingham, na kutoka hapo kuna treni ya moja kwa moja hadi Tywyn, mji wa pwani inakoanzia reli hiyo. Nilikaa siku mbili. Siku zote mbili ilinyesha, Waingereza wakajificha kwenye mgahawa wa stesheni, mimi nikabaki nje peke yangu. Mpemba hakimbii mvua ndogo.

Mvuke hauonekani

Jambo la kwanza la kujua ni hili: mvuke wenyewe hauna rangi wala umbo, huuoni. Litazame birika likichemka jikoni. Pale mdomoni kabisa pana kijinafasi kitupu, kisha ndipo wingu jeupe linapoanza. Kwenye kile kijinafasi ndiko uliko mvuke. Lile wingu ni mvuke uliokwisha kupoa ukawa vitone vidogo vidogo vya maji.

Faida yake kwa mpiga picha ni kubwa. Hewa ikiwa ya baridi na yenye unyevu, vitone hukaa muda mrefu, na gari la moshi hubeba wingu zito nyuma yake. Hewa ikiwa ya moto na kavu, wingu hutoweka mara moja, na picha yako inaonekana kama gari limezimwa. Ndiyo maana wapiga picha wa treni huamka alfajiri na hupenda siku za baridi. Na ndiyo maana mvua yangu ya Wales, iliyowakimbiza wenyeji, kwangu mimi ilikuwa neema.

Kuna mawingu ya aina tatu, na kila moja lina habari yake:

La kwanza hutoka chini, pembeni mwa magurudumu ya mbele, gari linapoondoka. Gari likisimama, mvuke uliomo kwenye silinda hupoa ukawa maji. Maji hayakandamiziki, na pistoni ikiyasukuma inaweza kuvunja silinda. Kwa hivyo dereva hufungua vijibomba vya chini kuyatoa. Hudumu muda mfupi tu, kisha anavifunga. Ukiitaka picha hiyo, uwe tayari kabla filimbi haijapigwa.

La pili hutoka juu kwa kishindo, kwenye valvu za usalama, mgandamizo wa boila unapopita kiasi. Hilo linamaanisha kuna nguvu nyingi kuliko inayotumika. Linapendeza, lakini gari liko mapumzikoni.

La tatu ndilo hasa: linalotoka kwenye dohani, kwa mapigo. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutolewa kupitia dohani, na ukitoka kwa nguvu huvuta hewa ndani ya moto, moto ukazidi kuwaka. Yaani gari likifanya kazi zaidi ndivyo linavyojipulizia moto wake lenyewe. Kichwa cha silinda mbili hupiga mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Ukisikiliza mapigo hayo, hata ukifumba macho unajua kama gari linapanda au linateremka.

Na moshi mweusi? Hapo wengi tunakosea, mimi nikiwa wa kwanza. Tunadhani moshi mweusi ndiyo nguvu. Kumbe ni mafuta au makaa ambayo hayakuungua vizuri kwa sababu hewa haikutosha. Mchochea moto anayeijua kazi hutoa moshi mwepesi wa kijivu, na mweusi humwonea haya. Kwenye safari zinazoandaliwa kwa ajili ya wapiga picha, wakati mwingine wageni humwomba autoe makusudi, naye akawaridhisha. Hakuna ubaya, lakini ujue kwamba hapo umepiga picha ya maigizo.

Usimame wapi

Mahali unaposimama ni muhimu kuliko kamera uliyonayo. Mambo ni matatu: mlima, upepo, jua.

Mlima: gari la moshi hufanya kazi likipanda. Likiteremka, dereva hufunga mvuke na linajiendea kimya kimya, dohani haitoi kitu. Reli ya Talyllyn hupanda kutoka baharini kuelekea milimani. Siku ya kwanza nilikaa saa nzima nikilingoja gari linaporudi, lilipokuja likapita kama baiskeli. Ningeuliza mapema lini linapanda, nisingepoteza saa hiyo. Babu naye hakuwa akisimulia gari likishuka kutoka Changamwe.

Upepo: huu sisi watu wa kaskazi na kusi hatuhitaji kufundishwa, ila tunasahau tukiwa na simu mkononi. Simama upande unakotoka upepo. Ukisimama upande unaokwenda, wingu litaanguka juu yako, na badala ya gari utapata picha ya shuka jeupe.

Jua: magurudumu na mikono ya chuma inayoyasukuma viko chini, chini ya uvungu wa boila. Jua la utosini haliwafikii. Wales mwezi wa Oktoba jua hukaa chini karibu siku nzima. Kwetu, nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, ifikapo saa nne na nusu asubuhi limeshakuwa juu. Yeyote atakayepiga picha gari la moshi Afrika Mashariki ana saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni, basi. Jua likiwa nyuma yako, utaona kila msumari. Likiwa mbele yako, nyuma ya gari, mwili utakuwa kivuli lakini wingu litawaka kama taa. Njia zote mbili ni sawa, mradi uwe umechagua mwenyewe.

Kamera, hata ya simu

Tufanye hesabu kidogo. Treni ndogo ikienda kilomita 24 kwa saa, kila sekunde inakata karibu mita 6.7. Ukiweka kasi ya shata kuwa 1/30 ya sekunde, katika muda huo gari limesogea sentimita 22, picha imekoroga. Ukiweka 1/500, limesogea sentimita moja na kitu, picha imetulia. Ila kumbuka, sehemu ya juu ya gurudumu linalozunguka husogea kwa mwendo mara mbili ya treni yenyewe. Kwa hivyo ukitaka kila kitu kiganda, nenda 1/1000.

Lakini je, unataka kila kitu kigande? Gari lililoganda sana hurudi kuwa lile lililolala. Kuna njia nyingine: weka 1/30 au 1/60, lifuate gari kwa kamera ukizungusha kiuno taratibu kwa mwendo wake, bonyeza huku ukiendelea kuzunguka. Gari litakaa wazi, majani ya nyuma yatakuwa mistari. Utaharibu picha tisa, ya kumi itakuwa na uhai. Jizoeze na daladala za Chake kabla hujapanda ndege.

Tatizo la pili ni mwanga. Gari ni jeusi au la rangi nzito, wingu ni jeupe pepe. Kamera ikiona weusi mwingi huongeza mwanga, na wingu lote likawa doa tupu lisilo na mikunjo. Kwenye simu, gusa pale penye wingu, kisha teremsha mwangaza kidogo kwa kidole. Weusi unaweza kuuinua baadaye kwenye programu ya kuhariri. Weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Na usisubiri gari lifike mbele yako ndipo ubonyeze. Tafuta fremu mapema, chagua nguzo au jiwe, gari likifika hapo piga mfululizo wa picha. Ukizikagua baadaye, chagua ile ambayo mikono ya magurudumu iko chini. Ikiwa juu hufichwa na kivuli.

Roho kwanza

Hakuna picha yenye thamani ya mguu. Gari la moshi likiteremka halisikiki, hasa upepo ukiwa mkali. Mwili wake hutokeza nje ya reli pande zote mbili, kwa hivyo aliyesimama "pembeni tu kidogo" bado yumo njiani. Usiingie eneo la reli bila ruhusa. Na kwetu Afrika Mashariki, stesheni, madaraja na bandari si pahala pa kutoa kamera ovyo. Uliza kwanza. Salamu nzuri na maelezo mafupi hufungua milango mingi kuliko kitambulisho cha chuo.

Picha ya nani?

Mmarekani O. Winston Link, kati ya 1955 na 1960, alizifuata treni za mwisho za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western. Alipiga usiku, kwa taa nyingi alizozipanga mwenyewe, kwa sababu alisema jua hawezi kulihamisha lakini taa anaweza. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1956 inaonesha watu wakitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao, na nyuma yao treni inapita na wingu lake jeupe. Ukizitazama picha zake unaona watu kila mahali: wafanyakazi wa reli, watoto, watu wa vijijini. Treni ni sehemu ya maisha yao. Mwaka 1960 kampuni ikaachana na mvuke, na picha zikabaki na watu wake.

Sasa turudi kwenye kadi zetu za Bububu. Treni inaonekana. Nyumba zinaonekana. Dereva ni nani? Yule aliyekuwa akichochea moto kwenye joto la Zanzibar, mtoto wa nani, wa mtaa gani? Kadi hazisemi. Aliyepiga alitaka kitu cha kumuuzia msafiri wa meli, na alikipata.

Ningependa kusema kwamba mimi nilifanya vizuri zaidi. Nilirudi kutoka Wales na picha ninayoipenda: kichwa kidogo kinapanda katika mvua, wingu limelala mpaka behewa la mwisho, na mchochea moto, bibi mmoja wa makamo mwenye masizi shavuni, ameinama na sepeto mkononi. Nikaipeleka kwa babu. Safari hii hakuirudisha simu haraka. Akaniambia nimwekee na ile video, akasikiliza mapigo mpaka mwisho, akataka tena.

Kisha akauliza, "Huyu mama jina lake nani?"

Sikumwuliza. Nilisimama naye stesheni dakika kumi, akanionesha moto, akanieleza yote haya ya moshi mweusi na moshi wa kijivu, na sikumwuliza jina. Nimesafiri mpaka Wales kurudia kosa la kadi za posta.

Kazi ya nyumbani

Kwa hivyo wenzangu, msingoje reli. Mvuke tunao hapa hapa. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kinafanya kazi kwa mvuke: unapitishwa kwenye makonyo ya karafuu, unachukua mafuta, unapozwa, na mafuta yanajitenga yakazama chini ya maji kwa kuwa ni mazito zaidi. Omba ruhusa, nenda asubuhi, gusa penye wingu, teremsha mwangaza. Kila nililolieleza hapo juu utalifanyia mazoezi humo.

Na si kiwanda tu. Kuna mafundi wa majahazi, kuna waanikaji karafuu, kuna gari za abiria za mbao ambazo wadogo zetu huenda wasizione. Vyote hivi bado viko kazini leo, na sisi ndio kizazi cha kwanza cha Wapemba ambacho karibu kila mmoja ana kamera mfukoni. Ukipiga picha, andika chini yake mambo manne siku hiyo hiyo, kabla hujalala: nini, wapi, lini, na nani. Hilo la nne lianze kabla hujatoa simu. Toa salamu, uliza jina, kisha piga.